Mtutu wa Zamani Unahitaji Shahidi

Mto Lea, unaopita kando ya Stratford, London, kabla ya kuingia Thames, ulikuwa mto wa silaha kwa zaidi ya karne moja. Kule juu, Waltham Abbey, serikali ya Uingereza ilitengeneza baruti. Chini yake kidogo, Enfield Lock, kiwanda cha kifalme cha silaha ndogo kilianzishwa mwaka 1816 na hakikufungwa hadi 1988. Na Old Ford, ng'ambo tu ya mto ukitokea Stratford, kampuni ya London Small Arms ilitengeneza bunduki za jeshi kuanzia miaka ya 1860 hadi ilipofungwa 1935. Kiwanda hakipo, lakini kichochoro cha Gunmakers Lane karibu na Victoria Park bado kinaitwa kwa kazi ya mafundi wale. Bunduki za bonde hili zilifika mbali. Askari wa Keya, jeshi la kikoloni la Uingereza, waliopigana Afrika Mashariki katika Vita Kuu ya Kwanza, na wana wao kwa umri waliopelekwa Burma katika ya Pili, walibeba Lee-Enfield, bunduki ambayo nusu ya jina lake ni la Enfield, ule mtaa wa mtoni. Leo bunduki za aina hiyo zimebaki nyingi duniani: kwenye vilabu vya shabaha, kwenye makabati ya wakusanyaji, na nyingine darini kwenye nyumba za watu waliozirithi bila kujua wamerithi nini. Swali linalowasumbua wenye nazo ni moja, nalo ni swali zito: je, hii bado inaweza kupigwa bila kumdhuru anayeipiga?

Hoja yangu ni kwamba bunduki kuukuu haithibitishwi na sura yake, wala na sifa ya kiwanda chake, wala na ukweli kwamba mwaka jana ilipiga vizuri. Inathibitishwa na vipimo, na historia ya aina yake, na jaribio lililofanywa na mtu asiye na maslahi katika kuiuza au kuisifu. Hata ushahidi huo ukikamilika una mipaka yake, na anayeipuuza mipaka hiyo hana tofauti kubwa na asiye na ushahidi kabisa.

Tuanze na kinachotokea ndani. Kidole kikivuta triga, kipini kinaipiga fataki iliyo kwenye kitako cha risasi, fataki inawasha baruti, na katika sehemu ndogo mno ya sekunde baruti inageuka gesi yenye nguvu ya kutisha. Bunduki za .303 zilizopita kwenye majaribio ya kiraia ya Uingereza mara nyingi zimechorwa kwenye mtutu maneno yanayotaja tani 18.5 kwa kila inchi ya mraba. Hicho ndicho kiwango cha presha ambacho chemba, yaani chumba kinachokaa risasi, inatarajiwa kukihimili kila triga inapovutwa, si kwa bahati mbaya bali kwa kazi yake ya kawaida. Kinachoizuia gesi hiyo isirudi nyuma ni vitu viwili: ganda la shaba la risasi, linalotanuka na kuziba chemba, na boliti, ile komeo ya chuma inayolifungia ganda mahali pake. Ukweli wa kukumbuka ni kwamba boliti hiyo iko sentimita chache kutoka kwenye jicho la mpigaji. Mtu aliyeweka shavu lake kwenye kitako cha bunduki ameweka dhamana ya uso wake kwenye chuma kilichotengenezwa pengine zaidi ya miaka mia moja iliyopita, kikapita mikononi mwa askari na mafundi wasiojulikana, na labda katika vita viwili.

Ndiyo maana kipimo cha kwanza si cha mtutu bali cha nafasi iliyopo kati ya uso wa boliti na mahali risasi inapoegemea. Risasi ya .303 ina ukingo unaochomoza kwenye kitako chake, na ukingo huo ndio unaoizuia isizame chembani. Nafasi ya ukingo huo katika Lee-Enfield hupimwa kwa geji, yaani vipande vya chuma vilivyochongwa kwa usahihi mkubwa: boliti ifunge bila shida juu ya kipande cha inchi 0.064, na isifunge kabisa juu ya kile cha inchi 0.074 ambacho jeshi lilikiweka kuwa mwisho. Tofauti ya namba hizo ni sehemu kumi kati ya elfu moja za inchi, robo tu ya milimita. Jicho halioni robo ya milimita ndani ya chemba yenye giza, wala kidole hakiihisi. Lakini ganda la shaba linaihisi: likisukumwa nyuma bila kitu cha kuliegemea, linavutika karibu na kitako chake, na siku moja linakatika vipande viwili, na gesi inatafuta njia ya kutokea. Mara nyingi onyo hutangulia, nalo ni mstari unaong'aa unaozunguka ganda lililotumika, juu kidogo ya kitako. Asiyejua maana ya mstari huo ataliokota ganda, alitupe ndooni, na aendelee kupiga.

Hapo ndipo lilipo tatizo la kubadilisha vipuri. Katika Lee-Enfield namba ya bunduki huchorwa pia kwenye boliti, kwa sababu boliti ya bunduki moja haikukusudiwa iingie kwenye nyingine bila kupimwa. Kwenye modeli ya No. 4 vichwa vya boliti vilitengenezwa kwa urefu mbalimbali, vikapewa namba kuanzia 0 hadi 3, ili fundi wa jeshi aweze kurekebisha nafasi bila kutupa bunduki nzima. Ni mpango mzuri sana mikononi mwa fundi mwenye geji. Mikononi mwa muuzaji aliyeokoteza boliti kutoka sanduku moja na mwili kutoka jingine, ni njia rahisi ya kumuuzia mtu hatari iliyopakwa mafuta ikang'aa. Namba zisizofanana hazimaanishi kuwa bunduki ni mbovu, ila zinamaanisha kwamba yeyote anayesema ni nzima anakisia mpaka aipime.

Mtutu nao una habari zake. Bunduki zilizowekwa ghalani zilijazwa grisi nzito, na grisi hiyo ikibaki chembani au kwenye mtutu hugeuka kizuizi. Lazima itolewe yote kabla ya jambo jingine lolote. Mwanga ukipitishwa ndani, mtu huangalia kutu iliyochimba, na kivuli cha duara kinachozunguka ukuta wa ndani, alama kwamba siku moja risasi ilipigwa kukiwa na kitu kimeziba njia na chuma kikavimba. Mifuo inayozungusha risasi huisha pia, na historia ya bunduki hii yenyewe inafundisha hilo. Lee-Metford ya mwaka 1888 ilikuwa na mifuo ya kina kidogo iliyofaa baruti nyeusi. Ilipokuja kodaiti, baruti isiyo na moshi na yenye joto kali, mifuo hiyo ikaliwa upesi, na kufikia 1895 ilibidi mafundi wa Enfield wabuni mifuo mingine ya kina zaidi. Mtutu uliochakaa kwa kawaida hukosesha shabaha tu. Mtutu uliovimba au uliopasuka ni jambo jingine kabisa. Kisha kuna ufa kwenye chuma karibu na chemba, kuna kufuli za boliti zinazotakiwa kukaza pande zote mbili kwa usawa, kuna kizuizi cha usalama ambacho lazima kizuie kweli, na triga ambayo haipaswi kuachia kipini kilichotegwa eti kwa sababu kitako kimegongwa sakafuni.

Hayo yote yanaonekana au yanapimika. Kuna yasiyoonekana, na mfano ulio wazi kuliko yote unatoka Marekani. Bunduki ya jeshi la huko ya mwaka 1903, iliyotengenezwa Springfield na Rock Island, ilianza kupasuka mikononi mwa wapigaji mwaka 1917, wakati viwanda vilipokuwa vikikimbizana na vita. Uchunguzi ulionyesha kwamba wafua chuma walikuwa wakikadiria joto la chuma kwa kuangalia rangi yake. Siku ya jua kali chuma kilichokwisha kuwa moto kupita kiasi kilionekana bado hakijafika, basi kikachomwa zaidi, kikatoka kigumu lakini chenye kuvunjika kama kioo. Bunduki za Springfield zenye namba chini ya 800,000, na za Rock Island chini ya 285,507, zikatiliwa shaka kuanzia hapo. Zilizopasuka ni makumi machache tu kati ya zaidi ya milioni moja. Na zote, kabla ya kutoka kiwandani, zilikuwa zimejaribiwa kwa risasi zenye nguvu zaidi ya kawaida, zikafaulu.

Mtu anaweza kutumia kisa hicho kupinga hoja yangu: kama jaribio la kiwandani halikuzigundua, jaribio lina faida gani? Mimi naona kinafundisha jambo tofauti. Jaribio la presha linakamata udhaifu wa aina fulani, geji zinakamata wa aina nyingine, na historia ya modeli inakamata ule ambao vyote viwili vimeukosa. Kila shahidi ameona sehemu yake. Anayetaka kuipiga bunduki kuukuu anatakiwa kuwasikiliza wote, na mmoja akisema hapana, ile ndiyo ya wengine isimtie moyo. Mwenye Springfield yenye namba ndogo hana geji ya kumtuliza, kwani kasoro iko ndani ya chuma chenyewe.

Uingereza ilielewa mapema kwamba shahidi asiwe muuzaji. Mwaka 1637 Mfalme Charles wa Kwanza aliwapa mafundi bunduki wa London hati ya kuwa na chama chao chenye mamlaka ya kukagua na kupiga chapa mitutu, kwa sababu silaha mbovu za wahunzi wasio na ujuzi zilikuwa zikipasuka na kuua wanunuzi wake. Nyumba yao ya majaribio iliwekwa nje ya kuta za jiji, na tangu karne ya 17 makao yake yamekuwa pale ambapo sasa ni Commercial Road, Whitechapel. Anayepanda basi namba 25 kutoka Stratford kwenda mjini hupita karibu nayo. Birmingham ilipata nyumba yake kwa sheria ya mwaka 1813. Sheria ya mwaka 1868, ambayo bado ndiyo msingi, inafanya kuwa kosa kuuza bunduki ambayo haijajaribiwa, na bunduki iliyobadilishwa au kuchakaa mpaka vipimo vyake haviafikiani tena na chapa yake huhesabiwa kama haikujaribiwa. Jaribio lenyewe ni la ukali: bunduki hukaguliwa, hupigwa risasi maalumu yenye presha inayozidi ya kawaida kwa robo hivi, kisha hukaguliwa tena kuona kama kitu kimetanuka, kimelegea au kimepasuka. Ikifaulu hupigwa chapa.

Watu wengi hawajui kwamba chapa za jeshi hazitoshi. Bunduki ya jeshi ilijaribiwa na serikali kwa ajili ya serikali, na taji na herufi zilizomo ni za shughuli hiyo. Inapotoka ghalani na kuuzwa kwa raia wa Uingereza lazima ipite London au Birmingham na ipewe chapa ya kiraia. Lakini sheria inamshika anayeuza. Mtu aliyeachiwa bunduki na babu yake hakuinunua, kwa hiyo inawezekana kabisa akawa na Lee-Enfield ambayo haijawahi kufika mbele ya mjaribu yeyote tangu jeshi lilipoiacha. Huyo ndiye ninayemhofia zaidi, kwa sababu hakuna anayemlazimisha kuuliza.

Nusu ya pili ya swali ni risasi, na hapa pwani yetu ya Afrika Mashariki ina ushahidi wake. Mwaka 1914 kampuni nyingi za askari wa Kijerumani katika Tanzania Bara ya leo zilikuwa bado na bunduki za modeli ya 1871, zinazotumia baruti nyeusi. Wingu la moshi lililobaki hewani kila walipopiga liliwaonyesha adui mahali walipo. Aprili 1915 meli ya Rubens, iliyojifanya ya Denmark, iliingia ghuba ya Manza kaskazini ya Tanga ikiwa na bunduki za kisasa 1,800 hivi na shehena kubwa ya risasi. Meli ya kivita ya Uingereza iliishambulia, na Rubens ikazamishwa kwenye maji ya kina kifupi. Shehena iliokolewa, lakini risasi zilikuwa zimelowa maji ya chumvi. Ikabidi zifunguliwe kwa mkono, baruti ianikwe, maganda yasafishwe, kisha zifungwe upya, na hata hivyo nyingi zilikataa kulipuka. Jeshi lililozingirwa halikuwa na njia nyingine. Mpigaji shabaha wa leo anayo, na hana udhuru wa kutia kwenye chemba yake risasi ya vita ambayo hajui imekaa wapi. Fataki za zamani zilikuwa na klorati, ambayo ikiungua huacha chumvi, na chumvi hiyo huvuta unyevu na kula mtutu usiposafishwa kwa maji upesi. Baruti iliyochakaa haitabiriki. Na kosa kubwa kuliko yote ni kupiga risasi ya kisasa kwenye bunduki iliyotengenezwa kwa baruti nyeusi, eti kwa sababu imeingia. Kuingia si kufaa. Hata kati ya bunduki za kisasa zaidi jambo hili lipo: wenye Lee-Enfield No. 4 zilizobadilishwa kupiga risasi za milimita 7.62 wameshatahadharishwa kwamba chapa ya tani ambazo bunduki zao zilijaribiwa kwazo ndiyo mpaka, na kuna risasi za kibiashara zinazouvuka.

Kuna wanaojibu kwa methali, kwamba ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa: vitu vya zamani vilitengenezwa kwa chuma kingi na kwa moyo, vikavumilia matope ya Ufaransa na mvua za Burma, basi vitavumilia Jumamosi moja uwanjani. Kuna ukweli humo. Lee-Enfield ni bunduki yenye heshima iliyoistahili, na nyingi bado zinapigwa kwa usalama kwenye viwanja vya Bisley, Surrey. Lakini heshima hiyo ni ya aina nzima, na anayeipiga anashika moja tu. Vita vilevile vinavyotajwa kama ushahidi wa nguvu ndivyo vilivyozichakaza, na jeshi lenyewe lilijua: bunduki zilizoonekana hazifai tena ziligeuzwa za kufundishia gwaride, zikapigwa herufi DP. Herufi hizo ni hukumu ya fundi aliyeishika bunduki ile hasa. Kuipiga bunduki yenye DP kwa kuamini sifa za ndugu zake ni kumkatalia shahidi aliyekuwepo.

Wengine wana dawa ya kienyeji: bunduki hufungwa kwenye tairi la gari, hutiwa risasi, triga huvutwa kwa kamba ndefu kutoka mbali, na ikitoka salama basi imepita. Nakubali kwamba kamba ni bora kuliko shavu. Lakini fikiria inachothibitisha. Risasi ya kawaida imepigwa, na bunduki haikupasuka kwa presha ileile itakayoipata kila mara. Hakuna ziada iliyoachwa kwa siku ya joto, kwa risasi yenye nguvu kidogo zaidi, kwa ganda lenye ukingo mwembamba. Hakuna aliyepima kama chemba imetanuka baadaye. Springfield zile zilipiga salama mara nyingi kabla ya ile moja. Upinzani wa maana zaidi unatoka kwa wanaosema kuwa jaribio la nguvu lenyewe laweza kuijeruhi bunduki kongwe, na kwamba kitu cha kihistoria kinaweza kuharibiwa kwa tamaa ya kukipatia cheti. Hao wana haki. Jibu lao, hata hivyo, halielekei kwenye kupiga bila jaribio. Kama bunduki ni ya thamani mno au dhaifu mno kujaribiwa, basi ni ya thamani mno au dhaifu mno kupigwa, na mahali pake ni ukutani au kwenye makumbusho, ambako inaweza kuendelea kusimulia habari za Keya bila kumlipua mtu.

Kwa anayeishi Stratford yote haya yanaanza na polisi. Bunduki ya .303 inahitaji cheti chini ya Sheria ya Silaha ya mwaka 1968. Anayeikuta kwenye nyumba ya marehemu asiivute boliti kwa udadisi, kwa kuwa huenda ina risasi ndani. Wala asiibebe barabarani kuipeleka kituoni, maana mtu mwenye bunduki mtaani ataonekana kama mtu mwenye bunduki mtaani. Apige 101, aeleze alichokiona, na polisi watakuja kuichukua au kumwelekeza. Mwenye cheti na anayetaka kuipiga aanze kwa fundi bunduki aliyesajiliwa mwenye geji za aina hiyo, asome chapa moja moja, kisha fundi aamue naye kama inastahili kupelekwa Commercial Road. Na anayetaka kuihifadhi tu kama kumbukumbu ya familia anaweza kuizimisha: mtutu na boliti hukatwa na kuchomelewa kwa vipimo vya serikali, na nyumba ileile ya majaribio hukagua kazi, hupiga chapa na kutoa hati. Bunduki iliyopewa hati hiyo isijaribiwe kufufuliwa na mtu yeyote, kwa kuwa chuma chake kimekatwa mahali palepale palipokuwa pakibeba tani zile, na kuifufua bila kibali ni kosa la jinai.